Kadi safi kwenye laptopu, ukungu kwenye karatasi

SWALI: Shikamoo. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro. Kadi za michango, vyeti vya mahafali na matangazo ninatengeneza kwa PowerPoint 2016 kwa sababu ndiyo niliyofundishwa. Kwenye laptopu kazi inaonekana safi kabisa. Nikihifadhi kama JPEG na kumpelekea mchapaji, ananiambia picha ni ndogo, anataka ya 300. Mdogo wangu akaiongeza hadi 300 kwa programu yake ya picha, mchapaji akasema bado inapasuka. Sasa nina kadi 250 za harusi za ukubwa wa A5, na bango la kusimama la sentimita 85 kwa 200 la kikundi chetu cha akina mama. Nifanyeje bila kuanza upya?

JIBU: Marahaba, dada. Huna haja ya kuanza upya, wala huna haja ya kuihama PowerPoint. Najua wapo watakaokucheka wakisikia kadi za harusi unatengenezea humo. Waache wacheke. Programu hiyo ilipotoka mwaka 1987, ikiwa ya kompyuta za Macintosh peke yake, kazi yake ilikuwa kutoa kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapwa, ambazo msemaji alikwenda kuzimulika ukutani kwa projekta za zamani. Microsoft iliinunua kampuni ya Forethought iliyoitengeneza, mwaka huohuo, kwa dola milioni 14. Kwa hiyo karatasi inaijua tangu utotoni. Kazi yako haiharibikii kwenye kuchora. Inaharibikia pale unapobofya Save As na kuchagua JPEG.

Nimekaa miaka kumi na moja kwenye chumba cha kupokea kazi za wateja kabla hazijaingia mashineni, na naweza kusema kazi kama yako nimeipokea karibu kila siku. Hebu tuifuate kadi yako hatua kwa hatua.

Ulifungua PowerPoint, ikakupa slaidi yake ya kawaida, ile pana ya sentimita 33.87 kwa 19.05. Kadi ya A5 imesimama, slaidi imelala, basi bila shaka ulichora mstatili katikati, ukaujaza urefu wote kutoka juu hadi chini, ukapanga majina, maua na picha ya maharusi humo. Ukahifadhi kama JPEG, kisha ukakata pembeni ili ibaki kadi tupu. Sasa tazama PowerPoint imekupa nini. Ya Windows, usipoiambia vingine, hutoa picha kwa nukta 96 kwa kila inchi. Slaidi nzima inakuwa na pikseli, yaani vinukta vya rangi vinavyounda picha, 1280 kwa 720. Ukishakata pembeni, kadi yako inabaki na pikseli kama 507 kwa upana na 720 kwa urefu. Mchapaji anaitaka A5 kwa nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1748 kwa 2480. Umempa chini ya theluthi ya upana na chini ya theluthi ya urefu. Ukizidisha hayo mawili, umempa pikseli moja kati ya kila kumi na mbili anazohitaji.

Hiyo 96 haina hekima yoyote ya uchapaji. Ni urithi wa skrini. Macintosh za mwanzo zilihesabu nukta 72 kwa inchi, Windows ikachagua 96, na PowerPoint bado inadhani picha unayoitoa inakwenda kwenye skrini nyingine. Ndiyo maana kwenye laptopu kazi inaonekana safi: laptopu nyingi za bei nafuu zina pikseli 1366 kwa 768 tu, kwa hiyo picha ya 1280 inaijaza vizuri na macho yako hayana la kulalamikia. Na kwa sababu hiyohiyo, usijaribu njia ya mkato ya kupiga picha ya skrini kwa PrtScn. Haiwezi kukupa zaidi ya kile ambacho skrini yenyewe inacho.

Sasa mdogo wako. Hakukosea kwa uvivu, alikosea kwa kuamini namba. Chukulia pikseli ni shanga. Una shanga 507 za kujaza upana wa kadi. Programu ya picha ikiambiwa 300, inaweza kufanya moja kati ya mawili. Ama inabadilisha kibandiko tu: shanga ni zilezile 507, ila sasa inasema zibanwe, na kadi inakuwa na upana wa sentimita nne na kitu. Ama inabuni shanga mpya kwa kukisia rangi iliyo kati ya shanga mbili za jirani. Namba inapanda, pikseli zinaongezeka kweli, lakini ukingo wa herufi unakuwa kama maandishi ya chaki yaliyopitiwa na kiganja. Mchapaji akiikuza kwenye skrini yake anauona ukungu uleule, umekuwa mkubwa tu. Kwa hiyo mtu akikuambia "nataka ya 300", wewe muulize: pikseli ngapi kwa ngapi, au sentimita ngapi kwa ngapi? Namba ya nukta bila ukubwa wa karatasi haikuambii kitu.

Ndani ya faili lako la PowerPoint kuna vitu vya aina mbili. Herufi, mistari, maumbo na grafu zilizochorwa humohumo zimehifadhiwa kama maelekezo: anzia hapa, pinda pale, jaza rangi hii. Zinaweza kuchorwa upya kwa ukubwa wowote, kwenye kadi au kwenye ukuta wa nyumba, zikabaki kali. Picha ya maharusi ni shanga tangu ilipotoka kwenye kamera. Unapohifadhi kama JPEG unayageuza yote kuwa shanga, tena chache, na maelekezo unayaacha nyuma. Ukilishika hilo, mengine yote ninayokueleza hapa chini utakuwa umekwisha kuyaelewa nusu.

Basi tengeneza faili jipya. Nenda Design, kisha Slide Size, kisha Custom Slide Size. Usiandike 14.8 kwa 21. Andika 15.4 kwa 21.6, yaani A5 pamoja na milimita tatu za ziada kila upande. Hizo ndizo mchapaji anazikata. Kisu cha mashine hakipiti mahali palepale kwenye kadi zote 250. Kikihama nusu milimita na rangi ya nyuma imeishia kwenye mpaka kamili, utapata mstari mweupe pembeni, na bibi harusi atauona kabla ya kusoma jina lake mwenyewe. Rangi ya nyuma na maua ya pembeni yafike hadi ukingoni mwa slaidi. Maandishi yakae ndani, angalau nusu sentimita kutoka pale kisu kitakapopita.

Kisha fungua faili la zamani, bonyeza Ctrl+A, nakili, bandika kwenye jipya. Vifunge vyote pamoja kwa Group, halafu kwenye Format weka urefu sentimita 21 huku Lock aspect ratio ikiwa imewekewa tiki. Hapa wengi hukwama: maumbo na picha vitakua, herufi hazitakua. PowerPoint haikuzi herufi kwa kuvuta kona. Kundi likiwa bado limechaguliwa, bonyeza Ctrl, Shift na alama ya > pamoja, mara moja au mbili, hadi maandishi yakae yalivyokuwa. Dakika kumi zinatosha.

Sasa kutoa kazi. Zipo njia tatu, na mimi sizipi uzito sawa.

Ya kwanza, na ndiyo ningependa uizoee, ni kutotoa picha kabisa. Toa PDF. Save As, chagua PDF, na pale chini uchague Standard, si Minimum size. PDF inabeba maelekezo ya herufi na maumbo kama yalivyo, na karatasi yenyewe inakuwa na ukubwa uleule wa sentimita 15.4 kwa 21.6. Mchapaji hana la kukisia. Ukishaitoa, ifungue na uikuze hadi asilimia 400, uangalie ukingo wa herufi ya kwanza ya jina la bwana harusi. Ikiwa kali kama wembe, umefaulu. Ukiona ngazi ngazi kwenye herufi lakini maumbo ni safi, fonti yako huenda hairuhusu kubebwa ndani ya PDF, na PowerPoint imeigeuza picha. Hilo hutokea kwa baadhi ya zile fonti za mapambo za kupakua bure. Badilisha fonti. Vivuli na mng'ao unaowekwa nyuma ya maandishi navyo hugeuzwa picha, kwa hiyo vipunguze. Kwa maoni yangu ungevipunguza hata bila sababu hii. Kivuli cheusi nyuma ya jina la dhahabu hakijawahi kumpendeza mtu isipokuwa aliyekiweka.

Lakini wapo wachapaji wanaokataa PDF, na mteja naye atataka picha ya kurusha kwenye WhatsApp. Hapo ndipo unahitaji picha yenye pikseli za kutosha, na hapa njia ya pili ndiyo nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwanza tengeneza folda kwenye diski, tuseme C:\Kadi, maana PowerPoint haitakutengenezea. Kisha, kazi ikiwa wazi mbele yako, bonyeza Alt na F11 pamoja. Litafunguka dirisha la kutisha la watengenezaji wa programu. Usilijali. Bonyeza Ctrl na G, kitatokea kisanduku kinachoitwa Immediate. Andika humo mstari huu mmoja, kisha Enter:

ActivePresentation.Slides(1).Export "C:\Kadi\kadi.png", "PNG", 1819, 2551

Nenda kwenye folda, kadi yako ipo, ikiwa picha ya aina ya PNG. Hizo namba mbili za mwisho ni upana na urefu kwa pikseli, na zimetoka kwenye hesabu ambayo utaifanya kila siku: sentimita gawanya kwa 2.54 upate inchi, zidisha kwa 300. Sentimita 15.4 inakuwa 1819, sentimita 21.6 inakuwa 2551. Ukikosea uwiano, kwa mfano ukaandika 1819 kwa 1819, PowerPoint haitakuuliza. Itakuvutia maharusi wawe wafupi na wanene. Slaidi ya pili ni Slides(2), na kuendelea. Funga dirisha, hukuharibu chochote.

Njia hii naipenda kwa sababu haigusi mpangilio wa kompyuta. Hata kwenye mashine ya ofisini iliyofungwa funguo zote, mara nyingi inakubali.

Ya tatu ni ya anayetoa picha kila siku na hataki kuandika mstari kila mara. Windows ina daftari lake la ndani la mipangilio, na humo unaweza kuiambia PowerPoint iache 96 moja kwa moja. Funga PowerPoint. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika regedit. Shuka hadi HKEY_CURRENT_USER, Software, Microsoft, Office, 16.0, PowerPoint, Options. Hiyo 16.0 ndiyo yako ya 2016, na ni hiyohiyo kwa 2019 na kwa Microsoft 365. Mwenye 2013 ataona 15.0, mwenye 2010 ataona 14.0. Ukiwa kwenye Options, bofya kulia sehemu tupu, New, DWORD, na uipe jina ExportBitmapResolution, neno moja bila nafasi. Ifungue, chagua Decimal, andika 300.

Nasisitiza Decimal. Kisanduku hicho hufunguka kikiwa kwenye Hexadecimal, na huko 300 maana yake ni 768. Nilimwelekeza jamaa mmoja kwa simu, nikasahau neno hilo. Alikuwa na wasilisho la slaidi za kawaida, kila moja ikatoka na pikseli 10240 kwa 5760, slaidi arobaini. Laptopu yake ilikaa kimya muda mrefu akadhani nimemuunguzia, na aliponipigia hakuanza na salamu. Na ukiwa ndani ya daftari hilo, usifute wala kubadilisha kingine. Ukishamaliza, kila Save As ya PNG au JPEG itatoka kwa 300: slaidi pana ya kawaida itakuwa pikseli 4000 kwa 2250, na kadi yako itakuwa ileile 1819 kwa 2551.

Wenye Mac hawana haja na hayo yote. Wakienda File, Export, wakachagua PNG au JPEG, kuna visanduku vya upana na urefu, wanaandika. LibreOffice Impress nayo inakuuliza pikseli unazotaka kabla ya kutoa picha. Google Slides ndiyo bahili kuliko zote: slaidi yake ya kawaida hutoka 960 kwa 540, na dawa yake ni kuweka ukubwa wa ukurasa kwenye File, Page setup kabla hujaanza kupanga, au kupakua PDF.

Chagua PNG, usichague JPEG, kila kazi inapokuwa na maandishi. JPEG hupunguza uzito wa faili kwa kusahau vitu vidogo vidogo, na kwenye uso wa mtu huoni tofauti, lakini pembeni ya herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe utaona vumbi la kijivu kama majivu. PNG haisahau kitu. Kama mchapaji ameshikilia JPEG, toa PNG kwanza, kisha uigeuze mara moja tu, mwishoni. Kila unapoifungua JPEG, ukairekebisha na kuihifadhi tena, inapoteza kidogo zaidi.

Sasa niingie mahali ambapo kazi nyingi hufia hata baada ya haya yote: picha ya maharusi.

Mwaka wangu wa pili kazini tulipokea kadi 400 za harusi. Faili lilikuwa na pikseli kamili, PNG, milimita tatu zote zipo. Nikapitisha. Ilipotoka, majina yalikuwa makali, maua safi, na katikati bibi harusi amekaa kama anatazamwa kupitia chandarua. Mama yake alikuja kuzichukua. Alishika kadi moja, akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, huyu ni binti yangu au ni dada yake?" Tulichapa upya kwa gharama yetu. Kosa lilikuwa langu, nilipima karatasi nikasahau kupima kilichokuwa juu yake.

Picha ile ilikuwa imepita WhatsApp mara tatu: kutoka kwa mpigapicha kwenda kwa bibi harusi, kwa shangazi, kwa mtengeneza kadi. Ukituma picha kwa njia ya kawaida, WhatsApp huipunguza ili isafiri haraka. Kuipunguza mara moja unaweza kuvumilia. Mara tatu, imebaki sura ya mtu tu. Kwa hiyo mwambie mteja aichukue kwa mpigapicha mwenyewe, na aitume kama hati: abofye ile alama ya kibanio, achague Document au Hati, siyo Gallery. Ikija hivyo inafika kama ilivyoondoka. Fleshi ni bora zaidi kama mtu yuko mjini hapohapo. Na wewe unapompelekea mchapaji kazi yako, tumia njia ileile. Haitakusaidia kupika PNG ya pikseli 2551 kisha ukaipitisha kwenye tundu la sindano.

Kuipima ni rahisi. Bofya kulia kwenye faili la picha, Properties, Details, angalia Dimensions. Tuseme ni pikseli 720 kwa upana, na kwenye kadi umeipa nafasi ya sentimita 10. Sentimita 10 ni inchi 3.94, 720 gawanya kwa 3.94 ni 183. Kwa picha ya watu, 183 inavumilika, hasa juu ya karatasi isiyong'aa. Ikishuka chini ya 150, mimi huipunguzia nafasi: badala ya sentimita 10, inakaa kwenye duara la sentimita 6, na maua yanajaza kilichobaki. Hakuna mteja aliyewahi kunilalamikia duara.

Kuna mwizi mwingine, na huyu yuko ndani ya PowerPoint yenyewe. Unapohifadhi faili, PowerPoint hupunguza picha ulizoweka ili faili lisiwe zito, bila kukuuliza. Kwenye yako ya 2016 kiwango chake cha kawaida ni nukta 220 kwa inchi, zikihesabiwa kwa ukubwa ambao picha inao pale kwenye slaidi. Ulipoiweka picha ndogo ndogo kwanza, ukahifadhi, kesho yake ukaivuta iwe kubwa, ulikuwa unavuta picha iliyokwisha kupunguzwa. Nenda File, Options, Advanced, shuka hadi Image Size and Quality, weka tiki kwenye Do not compress images in file. Fanya hivyo kabla ya kuweka picha, na ufanye kwenye kila faili jipya la kuchapa. Picha iliyokwisha kupunguzwa hairudi kwa kuweka tiki. Ifute, uweke ile ya asili upya.

Kwa kadi hii basi, nakushauri hivi: faili jipya, tiki hiyo kwanza, picha ya maharusi itoke kwa mpigapicha, toa PDF kwa ajili ya mchapaji na PNG ya kurusha kwenye simu. Na umwombe mchapaji atoe kadi moja kwenye karatasi ileile kabla ya kuwasha mashine kwa 250. Siyo kwa ajili ya ukungu tu. Rangi za PowerPoint ni za taa, rangi za mashine ni za wino, na ile bluu ya kung'aa au kijani kibichi unayoiona kwenye skrini haipo kwenye wino. Itapoa. Ni heri bibi harusi aikatae kwenye kadi moja.

Imebaki kazi ya akina mama. Bango ni jambo jingine, na kwa namna fulani ni rahisi kuliko kadi. Ukijaribu kuandika sentimita 85 kwa 200 kwenye Slide Size, PowerPoint itakataa, maana mwisho wake ni inchi 56, yaani sentimita 142.24. Usihangaike nayo. Tengeneza nusu: 42.5 kwa 100. Toa PDF, na mchapaji ataikuza mara mbili. Andika kwenye jina la faili lenyewe, kwa mfano "bango nusu kuza asilimia 200", kwa sababu ujumbe wa simu husahaulika na jina la faili linakaa na faili. Herufi zitabaki kali hata zikikuzwa hivyo, si umeona ni maelekezo tu?

Na hapa mwache mchapaji anayeimba 300 kwa kila kitu aimbe peke yake. Kadi mtu anaishika sentimita thelathini kutoka machoni. Bango analisoma akiwa hatua mbili au tatu mbali, na kwa umbali huo nukta 100 kwa inchi kwenye ukubwa kamili zinatosha. Kama analazimisha picha badala ya PDF, nusu yako itolewe kwa 200, ili ikikuzwa mara mbili ibaki 100. Mstari wako kwenye Immediate utakuwa na 3346 na 7874 mwishoni. Ukitaka 300 kwa bango zima, laptopu yako itahangaika kutoa pikseli karibu milioni 240, na macho ya mtu aliyesimama mlangoni hayataona faida yake.

Nembo ya kikundi iangalie mara mbili. Kwenye barua ya kikundi inakaa upana wa sentimita mbili, inaonekana sawa. Kwenye bango itakaa sentimita 40. Kama ulichonacho ni nembo iliyokatwa kutoka kwenye barua iliyoskaniwa, hakuna njia ya kuitoa itakayoiokoa. Ichore upya ndani ya PowerPoint kwa maumbo yake: duara, jembe, mikono miwili, maandishi ya kuzunguka kwa Text Effects, Transform. Nimeona nembo za vikundi vingi, na nyingi zinachorwa kwa jioni moja. Ukimaliza, vifunge pamoja na uhifadhi faili lake peke yake. Mwakani watataka fulana.

Halafu acha sentimita 10 za chini za bango bila maandishi, ambazo kwenye nusu yako ni sentimita 5. Jaza rangi tu. Sehemu hiyo huingia ndani ya kasha la kusimamishia, na nimeshaona bango zuri, lililochapwa kwa ukali wote wa dunia, namba ya simu ya mwenyekiti ikiwa imezama kwenye chuma.